Siku Kadi za Temeke Zilipowekwa Mezani

Nyie wadogo zangu wa darasa la tano mnaosukumana mbele ya gazeti hili la ukutani, warefu warudi nyuma, wafupi wasogee, na yule anayelamba kashata asiguse karatasi. Anayewaandikia ni mzee mstaafu na hapendi fujo. Umri wangu ni miaka kumi na sita. Najua mnacheka. Lakini kazi ya ukalimani niliianza hapa Temeke sauti yangu ikiwa nyororo kama ya kinanda, nikaifanya kila likizo mpaka sauti ilipovunjika, kisha nikastaafu kwa heshima zote, yaani hakuna aliyenitoa mbio. Wangapi kati yenu wana baba aliyestaafu hivyo?

Kazi yenyewe ni hivi. Mzungu anasema, wazee hawaelewi. Wazee wanasema, Mzungu haelewi. Wewe unaelewa nusu ya huku na robo ya kule, basi unaitwa mtaalamu na unapewa vitumbua. Aliyenifundisha ni Karani Simeoni, jirani yetu, mtu wa Bara, mkalimani wa kweli wa ofisini, mwenye tai nyembamba kama utambi wa taa. Yeye alikuwa akinituma kwenye shughuli ndogondogo asizozitaka, za wanaopima mbu na wanaohesabu vyoo.

Somo lake la kwanza lilikuwa hili: "Ukikwama, kohoa. Ukikwama sana, kohoa sana. Ukikwama kabisa, omba maji."

Nikauliza, "Na maji yakiisha?"

"Hapo ujue hukusoma, urudi shule."

Nililishika somo hilo kupita kiasi. Siku moja Bwana Afya alipokuwa akieleza habari za mbu kwa wazee wa mtaa wa pili, alitumia maneno mageni mengi mno, nikakohoa mfululizo hata akasahau mbu, akaniinamisha na kunitegea sikio mgongoni. Wazee wakadhani ndiyo mafunzo yenyewe. Mpaka leo kuna babu pale mtaani anayeamini mbu hufukuzwa kwa kumsikiliza mtoto mgongo.

Somo la pili lilihusu salamu. Mtu wa pwani akisalimu hasalimu, anafungua duka. Habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za siku nyingi, za mvua, na yule mgonjwa wenu vipi. Ukimwambia Mzungu kwamba maneno yote yale ni "hujambo" tu, anakutazama kama umemwibia kitu. Kwa hiyo nilikuwaga naongeza ya kwangu. Mzee akisalimu kwa kirefu, mimi namwambia Mzungu kwamba mzee anakusifu kofia, anaulizia mama yako, na anasema umenenepa. Mzungu anashukuru, mzee anafurahi kuona salamu zimefika, na mimi nasogea upande ule unakotokea sinia la chai. Hilo la kusogea si la Karani, ni langu. Mkalimani asimame katikati, ndiyo, lakini katikati iliyo karibu na jikoni.

Makosa nilifanya, sisemi sikufanya. Yule memsahibu wa Kizungu aliyekuja kuwafundisha akina mama malezi aliniambia niwaulize wamewaleaje watoto wao. Kiingereza cha kulea kimetengenezwa kwa maneno mawili, la kuleta na la juu. Mimi nikawauliza, "Memsahibu anataka kujua, watoto wenu mliwaletaje juu?"

Wakatazamana. Mama yangu mwenyewe, aliyekuwa amekaa mbele kwa ajili ya kunionea fahari, akajibu, "Juu wapi? Juu ya nyumba? Huyu wa kwangu alipanda kwa ngazi kuziba makuti, na aliporuka chini nilimchapa."

Nikalitafsiri lote. Memsahibu akaandika kwa bidii kubwa.

Sasa kisa cha kadi, ambacho ndicho mlichokifuata, msijifanye mmekuja kusoma ratiba ya kufagia.

Kwanza mjue jambo moja la lugha. Mwingereza ana neno moja tu analolitumia kwa vitu vyote vya namna hiyo. Karata ya kuchezea ni kadi, kadi ya kliniki ni kadi, kadi ya chama ni kadi. Na anapotaka mazungumzo ya kweli tupu, kila mmoja aseme lililo moyoni, husema kwa lugha yake tuziweke karata zetu mezani, kama wachezaji waliochoka kufichana. Sasa mie karata zile za msemo sikuwa nazijua. Kadi nyingine nilikuwa nazijua, na Temeke nzima ilikuwa inazijua.

Mjomba wangu Shomari, kaka yake mama, alikuwa kuli bandarini, na alikuwa amempenda Mwanaidi binti Kondo hadi akawa anaweka chumvi kwenye chai. Baba yake Mwanaidi, Mzee Kondo, ni tarishi wa serikali. Mnamjua, yule anayevaa kaki iliyopigwa pasi mpaka inaweza kusimama bila yeye, na kofia nyekundu ya kazi ambayo haivui hata akinyolewa. Mjomba alipopeleka maneno ya posa, Mzee Kondo alimjibu barazani, watu wakisikia:

"Binti yangu haolewi na mtu anayengoja meli. Meli isipokuja atakula nanga? Lete kazi ya serikali, ndipo ulete posa. Na usije ukaniletea mtu wa chama hapa. Mie wanachama nawaona kama nzi kwenye maziwa."

Kazi ya serikali ikatokea. Bomba jipya la maji lilikuwa linawekwa kwenye uwanja ule ule wa mbele ya nyumba ya Mzee Kondo, na akatakiwa mwangalizi: afungue asubuhi, afunge jioni, na katikati azuie akina mama wasipigane madebe. Mjomba akaomba. Bwana wa maji, ambaye mtaa ulimwita Bwana Miwani kwa sababu zinazoonekana, akasema atakuja mwenyewe kumhoji mtu na kukiona kiwanja kwa safari moja.

Shida ilikuwa kwamba Mjomba alikuwa na kadi ya chama, kile kinachodai uhuru, na mtumishi wa serikali ya Wazungu haruhusiwi kuwa nayo. Kadi hakutaka kuiacha, Mwanaidi hakutaka kumwacha. Akaenda kwa Fundi Saidi, mshonaji, ambaye cherehani yake, kwa maajabu ya dunia, imekaa kwenye baraza ya Mzee Kondo huyo huyo. Fundi akaificha kadi ndani ya kofia ya Mjomba, kati ya kitambaa na bitana. Aliishona kwa mkono, maana sindano ya cherehani ingeitoboa, na akaizungushia pamba. Alimwambia kadi isiyo na pamba hulia, krakra, mtu anaposujudu, na msikiti mzima unajua wewe ni nani.

Fundi Saidi hakumwambia mtu. Na kuna jingine ambalo pia hakuwa amemwambia mtu, mtalisikia.

Siku ya mahojiano Karani Simeoni aliamka na jino. Shavu lilikuwa limevimba hata tai ikakosa pa kukaa. Akanipungia mkono niende mimi. Nikavaa kaptula ya shule, nikapaka mafuta magoti, nikaenda.

Barazani kwa Mzee Kondo pamewekwa kimeza cha fundi, kile anachokatia vitambaa. Upande mmoja Bwana Miwani, mpya kutoka kwao, pua imebabuka jua. Upande wa pili Mjomba, kanzu nyeupe, kofia kichwani, ana jasho kama aliyebeba gunia. Mzee Kondo amesimama nyuma ya bwana wake, wima, kama mlingoti. Fundi Saidi kwenye cherehani, anajifanya anashona. Nyuma ya pazia la mlango miguu miwili yenye hina, nayo ni ya Mwanaidi, na harufu ya tangawizi. Mie mnajua niliposimama.

Salamu zikapita. Bwana Miwani akapewa sifa za kofia. Kisha akajiegemeza, akatabasamu kama mtu mwema, na kwa kweli alikuwa mwema, akasema kwa mkupuo mmoja: leti-as-puti-awa-kadzi-oni-dhe-tebo.

Sikukohoa hata kidogo. Maneno yote nilikuwa nayajua. Nikasema kwa sauti safi:

"Bwana anasema, tuweke kadi zetu mezani."

Cherehani ikanyamaza. Ile miguu yenye hina ikarudi nyuma hatua moja. Mjomba akawa mweupe kama udongo wa Pugu, na mkono wake ukapanda polepole mpaka kwenye kofia, kama mtu anayetafuta chawa kwa heshima.

"Kadi gani?" akauliza.

Nikamuuliza Bwana kadi gani. Akacheka, akasema zote, asifiche hata moja, na kwamba yeye ataanza na za kwake.

"Zote," nikasema. "Na yeye anaanza na yake."

Hapo ndipo Bwana Miwani alipotaka kuandika, akawa anatafuta penseli mfukoni mwa shati. Akatoa leso, akaweka mezani. Akatoa kiko, akaweka mezani. Akatoa kikaratasi kigumu cha kijani, kimekunjwa mara mbili, kina mhuri, akakiweka mezani.

Wote tukakitazama. Kadi.

Mjomba akanong'ona, midomo haitikisiki, "Mpwa wangu, huyu naye?"

"Si umeiona."

"Muulize yake ni ya tawi gani."

Nikamuuliza: mtu huyu anataka kujua, Bwana, wewe ni wa tawi gani. Kwa Kiingereza tawi la mti, tawi la chama na tawi la ofisi ni neno lile lile. Bwana Miwani akaona swali zuri, la mtu anayejua mpangilio wa kazi. Akajibu kwa fahari kwamba yeye ni wa Tawi la Maji.

"Tawi la Maji," nikatangaza.

Fundi Saidi akasema kwa mshangao wa kweli, "La Maji? Hilo mie sijapata kulisikia. Nalijua la Ilala, nalijua la Magomeni."

"Litakuwa la wenyewe," Mjomba akasema. "La siri."

Bwana Miwani hakujua kwamba tumekwisha kumpandisha cheo, akaendelea kuweka karata zake, zile za kwake za kweli. Alisema kazi yenyewe ni ngumu, mshahara mdogo, miguu italowa asubuhi hadi jioni, na kwamba mwangalizi wa bomba la mtaa mwingine alitukanwa na akina mama mpaka akakimbia akaacha viatu. Hakutaka kumdanganya mtu. Mie nikayatafsiri yote vizuri, lakini hakuna aliyekuwa akinisikiliza. Kila mtu alikuwa akikitazama kile cha kijani.

Ghafla Mzee Kondo akaondoka nyuma ya kiti. Akaja mbele, buti zikilia. Mjomba akafumba macho, akajua sasa anatolewa barazani, na habari ya Mwanaidi basi tena. Mzee Kondo akasimama mbele ya Fundi Saidi. Akaishika kofia yake nyekundu kwa mikono miwili, ile asiyoivua hata akinyolewa, akaivua. Kichwa chake kilikuwa na mstari kama wa maji kujaa na kupwa.

"Fundi," akasema, "fumua."

Mjomba akafumbua macho, jicho moja kwanza, kisha la pili.

"Tangu aje nambebea faili mtu huyu," Mzee Kondo akasema, "najikausha, nawatukana watu wazima wenzangu barazani, kumbe mwenzangu. Fumua, Fundi, mie nimechoka kuwa nzi."

Fundi Saidi alishika mkasi, akanitazama mimi, akamtazama Mjomba, akakosa pa kuweka uso. "Na hii nyingine je?" akaniuliza kwa kujisahau. "Nianze na ipi? Zote nilishona wiki moja, kwa pamba ile ile."

Mzee Kondo akageuka. "Nyingine ipi?"

Mjomba naye alikuwa amekwisha vua. Wakasimama pale wanaume wawili, vichwa wazi, kila mmoja ameshika kofia, wanatazamana kama waliokutana wamejifunga taulo moja. Ndani chai ikawa inachemka.

"Wewe," Mzee Kondo akasema.

"Na wewe, mzee," Mjomba akasema.

"Kwa hiyo siku ile nilipokutukana..."

"Nilikuwa nayo mfukoni, mzee. Nilisikia joto."

Fundi akafumua. Krak, krak, pamba ikaruka. Kadi ya kwanza ikawekwa mezani kando ya kiko. Kadi ya pili ikawekwa kando ya leso. Wote wawili wakakaa kifua mbele, wakamtazama Bwana Miwani kwa mapenzi makubwa.

Bwana Miwani akaziinamia. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaziinamia tena. Uso wake ulianzia kwenye pua, pale palipobabuka, ukawa mwekundu kuelekea masikioni, mpaka akafanana na kamba aliyechemshwa. Akaniuliza taratibu, kwa Kiingereza cha kumwambia mgonjwa, ni nini hizi.

Hapo, wadogo zangu, ndipo nilipoanza kuhisi kwamba huenda meza aliyoisema haikuwa meza hii. Nikakohoa. Nikakohoa sana. Nikaomba maji.

Pazia likafunguka. Mwanaidi akatoka na sinia, mtandio umefunika mpaka pua, na badala ya maji akaleta chai ya wote. Hakuuliza pa kuiweka. Sinia likatua katikati ya meza, juu ya kadi zote mbili, puu.

"Karibu chai, Bwana," akasema. "Imewiva."

Bwana Miwani alilitazama lile sinia. Kisha akachukua kikombe. Alipokunywa funda la kwanza akanyoosha kidole kwenye kile kikaratasi chake cha kijani, akanieleza ni cha nini, nami nikawaeleza wenzangu: ni kadi ya klabu yake ya kupiga mpira mdogo kwa fimbo, na kwamba pale barazani hakuna anayeruhusiwa kuingia katika klabu hiyo, labda awe amebeba sinia.

Mjomba na Mzee Kondo wakapungua ukubwa. Niliona kwa macho yangu wakisinyaa, kaki na kanzu zikabaki na nafasi.

Fundi Saidi peke yake hakutetereka, yeye si mtu wa serikali. "Mwambie tuko sare," akasema. "Na chama chetu sie hakimwingizi yeye."

Nikatafsiri. Sijui kwa nini nilitafsiri, mazoea. Bwana Miwani alitaka kukasirika, akashindwa, chai ikamtokea puani. Alipomaliza kujifuta alisema maneno mengine, na mie nikayatafsiri neno kwa neno kama kawaida yangu: "Bwana anasema, atageuza jicho lake kipofu."

Mzee Kondo akashtuka kwa huruma. "Maskini. Kumbe ndiyo maana ya miwani. Pole sana, Bwana."

"Pole, Bwana," Mjomba akasema.

"Pole," likasema pazia.

Neno pole Bwana Miwani alikuwa analijua. Akadhani wanamwomba radhi, akaguswa, akawaitikia kwa kichwa. Mpaka leo hawajakubali kwamba ule ni msemo tu, wa mtu anayeamua kutoona alichokiona. Mzee Kondo akimletea faili humpitishia upande wa jicho zima, kulia.

Baada ya hapo yakawa mahojiano. Bwana akauliza swali moja: mtu huyu kazi hii anaitakia nini? Mjomba alikuwa hana tena cha kuficha, kofia yake inaning'inia nyuzi. Akajibu, "Mwambie maji siyapendi sana. Nampenda binti wa mzee huyu, na mzee huyu anapenda kazi ya serikali. Akina mama wakinitukana nitavumilia, maana mkwe wangu amekwisha kunizoeza."

Nililitafsiri lote, bila kuongeza sifa za kofia. Bwana Miwani akaandika. Akasema Mjomba aje ofisini Jumatatu, na kwamba kabla ya kumpa kazi atalazimika kumuuliza swali moja la kanuni, aje akijua jibu lake. Akapanda gari akaenda.

Sinia likainuliwa. Kadi zilikuwa zimelowa chai pembeni lakini zinasomeka, kwa anayejua kusoma. Wale wawili herufi zao ni za Kiarabu, hizi nyingine zinawapita. Anayejua ni Mwanaidi, aliyekwenda shule kabla yangu. Akazipangusa kwa upindo wa mtandio, akampa baba yake moja, akampa Mjomba moja. Fundi akazishonea tena mahali pake, kwa mkono, na pamba mpya.

Jumatatu jino la Karani Simeoni lilikuwa bado linakataa, nikaenda mimi. Njiani Mjomba alikuwa anatembea kama anayekwenda kunyongwa. Kadi aitoe, au Mwanaidi amwache, au amwambie Mungu uongo mbele ya serikali. Tulipofika kwenye ngazi za ofisi tukamkuta Mwanaidi amesimama na kikapu, anasingizia sokoni.

"Shomari," akamwambia, "ukiulizwa una kadi yako, sema kweli. Huna. Aliyonayo baba ndiyo yako. Hiyo uliyonayo kichwani ni ya baba."

Mjomba akaishika kofia. "Umekosea kugawa?"

"Mie najua kusoma," Mwanaidi akasema, akaenda zake sokoni.

Ndani, Bwana Miwani mezani, Mzee Kondo mlangoni, wima. Swali la kanuni likaulizwa, kama ana kadi ya chama, nikalitafsiri. Mjomba akatazama mbele. "Kadi yangu sinayo," akasema. "Wallahi yangu sinayo."

Bwana akageukia mlangoni. Kanuni ni ya wote, akasema. Na Kondo je?

Mzee Kondo akapiga hatua moja mbele. Kumbe naye alikwisha kuambiwa asubuhi, akinywa uji. "Yangu sinayo, Bwana. Nile kiapo."

Hapa, wadogo zangu, ndipo mkalimani anapopimwa. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa mtu wa kuongeza. Siku hiyo kwa mara ya kwanza nilipunguza. Nikamwambia Bwana, kwa Kiingereza safi kabisa: hawana. Lile neno "yangu" nililimeza, na lilishuka na miiba yake.

Bwana Miwani akaweka kalamu chini. "Yangu," akasema. Kwa Kiswahili. Alikuwa ameanza kujifunza jioni kwa jioni, hakuna aliyetuambia. "Yangu. Mimi najua neno hili."

Nikakohoa. Wallahi nilikohoa kuliko siku ya mbu. Na katikati ya kukohoa sauti yangu ikapasuka, ikaanza nyembamba ikamalizika nene, kama mbuzi aliyemezwa na ng'ombe, na ndivyo ilivyo mpaka leo.

Bwana Miwani alinitazama, akawatazama wao. Akavua miwani, akaiweka mezani. Akafunga jicho moja, la kushoto, akalifumba hasa, kisha akatia sahihi.

Tukashuka ngazi mpaka uani. Mzee Kondo akairekebisha kofia yake nyekundu, akamwambia Mjomba bila kumtazama, "Lete posa. Na uitunze kadi yangu."

"Na wewe yangu, baba," Mjomba akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, na mzee aliitikia.

Mimi nikastaafu pale pale uani. Mkalimani ambaye Mzungu wake amejifunza neno "yangu" hana kazi tena, na kwa sauti hii hata salamu zinatisha watu. Harusi nilikula, mbele, karibu na jikoni.

Kwa hiyo mkienda kuchota maji kwa Mzee Kondo, pangeni foleni, mumsalimie mwangalizi shikamoo kwa adabu, na mkirushiana maji, rusheni chini. Atakayeilowesha kofia ya Mjomba wangu ajue ameilowesha kadi ya mkwewe.